Umeacha wiski: jioni ushike glasi ya nini?

Nilichokizoea si ulevi, ni ile glasi ya saa mbili usiku. Nilipoamua kupumzisha wiski, nilikwenda dukani kama kila mtu nikarudi na juisi ya embe. Tamu kweli, lakini mafunda matatu imekwisha na mkono umebaki mtupu. Tangu hapo kinywaji chochote nakipima kwa kigezo kimoja: je, glasi moja inanichukua nusu saa? Nimevipanga hivi kwa kipimo hicho, kuanzia kile ambacho ningekinunua tena kesho asubuhi.

Kwanza jua unachokikosa. Ule moto wa kooni unatokana na kileo chenyewe, kinachowasha neva zilezile zinazowashwa na pilipili. Harufu ya vanila, na ile inayofanana na karafuu, hutoka kwenye mbao za mwaloni, maana wiski ya Scotland kwa sheria lazima ikae ndani ya pipa la mbao hizo miaka 3 au zaidi. Vyote hivyo unaweza kuvipata sokoni Kariakoo bila kugusa kaunta ya baa.

1. Tangawizi ya kukamua na chai ya rangi. Hii ndiyo namba moja na sioni cha kuishusha. Nunua tangawizi mbichi, ngumu, isiyonywea. Kwaruza kiasi cha kiganja, kamua kwa kitambaa safi, acha maji yake yatulie robo saa. Utaona wanga mweupe umetuama chini. Mimina ya juu, ule wanga uache, unaharibu kinywaji kiwe kama uji. Pembeni loweka majani ya chai dakika 10 pamoja na karafuu mbili, kipande cha mdalasini na punje chache za pilipili manga. Ndiyo, itakuwa kali hadi ulimi ukauke. Ukavu huo ndio tunaoutaka, maana juisi hazina. Ikipoa, changanya vijiko viwili vya tangawizi kwenye nusu glasi ya chai, tone la vanila, asali kidogo sana, barafu.

Ukikosa harufu ya moshi, choma ncha ya mdalasini kwenye moto wa jiko, iweke kwenye kisahani, funika na glasi tupu dakika moja, halafu ndiyo umimine. Mara ya kwanza mke wangu aliuliza nani anafukiza udi jikoni.

2. Kahawa chungu. Ile ya kijiweni, ya birika juu ya mkaa, na kashata pembeni. Ina uchungu, ina moshi, na kikombe chake kidogo hakikuruhusu kubugia. Zaidi ya hapo unapata na watu, jambo ambalo wengi wetu ndilo tulilokuwa tukilifuata baa. Kasoro yake ni usingizi: baada ya saa moja jioni mimi siigusi. Hata ile chai ya namba moja, kama una usingizi mwepesi, inywe mapema.

3. Tonic au Bitter Lemon. Hiki ndicho cha kuagiza ukiwa baa na hutaki maswali. Uchungu wa tonic unatokana na kwinini. Omba glasi fupi, barafu nyingi na kipande cha ndimu. Ukipewa glasi ndefu na mrija, utakunywa kama soda. Na sukari ipo, soma lebo. Stoney Tangawizi nayo inawasha vizuri, ila utamu wake unanichosha kabla ya nusu chupa.

4. Bia za 0.0, yaani zisizo na kileo. Heineken 0.0 na Bavaria zinapatikana. Kwa mpenzi wa bia, sawa. Kwa mtu wa wiski hazina moto.

5. Chupa za "wiski" isiyo na kileo. Huagizwa kutoka nje, na bei yake inakaribia ya chupa halisi. Yangu, chapa sitaitaja, ilinukia vizuri kwenye kizibo, mdomoni ikawa maji ya karameli. Kileo ndicho hubeba harufu na kukipa kinywaji uzito. Kikiondolewa, watengenezaji huongeza viungo vya kuwasha kujaribu kuziba pengo. Ukishainunua, usiinywe kavu, ichanganye na tangawizi ya namba moja. Kwa wasiotaka kileo hata tone: nchi nyingi huruhusu kinywaji cha hadi asilimia 0.5 kuitwa "kisicho na kileo". Tafuta kilichoandikwa 0.0.

Kama hukuapa kuacha kabisa ila unataka kupunguza, usinunue kitu kipya. Pima mililita 15 za wiski uliyonayo, yaani nusu toti, ujazie soda ya maji na barafu hadi glasi ya mililita 300 ijae. Kileo kinakuwa kama asilimia 2, chini ya nusu ya kile cha bia ya kawaida. Pima kwa kipimio, si kwa jicho. Jicho la mnywaji lina upendeleo. Lakini ikiwa ulikuwa unakunywa sana kila siku, na ukikosa mikono inatetemeka, acha kwanza habari za glasi na umwone daktari, kwa sababu kukatisha ghafla kunaweza kuleta degedege.