Uzoefu wangu: asosieti digrii ya redio na TV huku Texas

Jamani watu wa nyumbani mnaniuliza sana inbox hii kozi ikoje, ile ya miaka miwili, krediti 60, kwenye hivi vyuo vya jamii vya Marekani. Ngoja niwaambie kuhusu sekunde kama kumi na mbili tu.

Ilikuwa muhula wa tatu kama sikosei, jioni, zamu yangu kwenye stesheni ya chuo. Sheria ya huku kila saa kamili unataja herufi za stesheni, zetu zinaanza na K kama karibu zote za magharibi ya Mto Mississippi, halafu hapohapo unataja mji wa leseni, huchomeki maneno yako katikati. Sasa mimi mtoto wa Tanga, saa kamili imegonga nisisalimie watu? Nikataja herufi, nikachomeka salamu, ndo nikataja mji. Kosa langu, sikatai.

Mwalimu akaingia kama mgambo. Hata wimbo hakusubiri niweke, akapitisha mkono mbele ya uso wangu akashusha sauti ya maiki, akaanza kunisema mbele ya wenzangu watatu eti kwa lafudhi hiyo hata ningesoma sawasawa FCC, yaani mamlaka ya mawasiliano ya huku Marekani, wasingejua niko mji gani. Mi naangalia mita, imelala. Redio kimya! Yaani mtu anayetuimbia kila wiki kwamba hakuna dhambi kubwa kama kimya hewani, ndo huyo kasimama ananifokea na stesheni imekufa, mpaka mimi mwenyewe nikanyoosha mkono nikabonyeza wimbo. Halafu, na hapa ndo naungua mpaka leo, akachukua daftari la studio akaandika kimya kile nimesababisha mimi. Jina langu na saa yake, kwa wino.

Nikaenda ofisini, wakanipa fomu. Nikajaza. Nimemaliza chuo, hamna jibu.

Lafudhi! Houston hii imejaa Wanaijeria, Wavietnam, Wameksiko, kila mtu na lafudhi yake na kila mtu yuko kwenye foleni anasikiliza redio.

Ila msije mkasema nachafua tu. Vifaa vipo, kamera unashika wewe mwenyewe sio kumwangalia mwenzio akishika, na zile maiki za RE20 hata ukiwa na mafua unasikika mtamu. Ada ukiwa mkazi wa wilaya ya chuo ni nafuu, ukikaa nje ya wilaya inapanda, sisi wa viza ya mwanafunzi ndo tunakamuliwa haswa. Na ulizeni MAPEMA chuo kikuu kitapokea krediti ngapi, maana hii digrii ikiwa ya upande wa ufundi krediti nyingine zinaishia hapohapo, mimi nimekuja kuambiwa nishachelewa.

Na yule mwalimu, niseme tu ukweli hata kama unaniuma, kukata na kusafisha sauti nimejifunza kwake. Akikaa kwenye kompyuta ni fundi. Siku hizi narekodi kipindi changu cha Kiswahili sebuleni, saa kamili ikifika mdomo unataka kutaja herufi na mji wenyewe, wakati stesheni sina wala leseni sina.

Basi nilikaa hapa nikitaka kutoa nyota nne. Nimekumbuka daftari. Mbili.