Testa ya RJ45 ya NSHL468: inunue, lakini ujue inachopima

Kompyuta ya mezani ikigoma kuingia mtandaoni kwa waya huku simu zote nyumbani zikipata Wi-Fi vizuri, kishawishi cha kwanza ni kununua ruta nyingine au kuweka Windows upya. Subiri kwanza. Mara nyingi kasoro iko kwenye kebo au vichwa vyake vya RJ45 (vile vya plastiki vyenye pini nane), na kwa hilo ipo testa ya plastiki yenye vipande viwili, kikubwa na kidogo, inayouzwa katika maduka mengi ya vifaa vya kompyuta. Nyingine zimeandikwa NSHL468, nyingine hazina jina lolote, lakini kazi ni ileile. Kwa bei yake, tunaipendekeza kwa yeyote aliyepitisha kebo nyumbani kwake.

Kabla ya kuitoa kwenye boksi, angalia taa ndogo za tundu la mtandao nyuma ya kompyuta. Zikiwa zimezimika kabisa, mshukiwa ni kebo, tundu au kadi ya mtandao, na hapo testa ina kazi. Zikiwaka, fungua dirisha la amri uandike ipconfig. Anwani inayoanza na 169.254 ina maana kompyuta iliomba anwani, ruta haikujibu. Washa ruta upya, hamishia kebo kwenye tundu jingine la LAN, yaani la vifaa vya nyumbani, na hakikisha haijachomekwa kwenye lile la WAN, linalopokea mtandao wa mtoa huduma. Ukiona anwani ya kawaida kama 192.168.1.20 na ping (ujumbe mfupi wa majaribio) ya kwenda kwenye ruta inarudi bila kupotea, iache kebo. Shida huenda iko kwenye DNS (mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) au, kama simu nazo hazipati mtandao, kwa mtoa huduma.

Kupima kwenyewe ni rahisi. Chomoa kebo pande zote mbili, weka kipande kikubwa upande mmoja na kidogo upande wa pili, kisha sukuma swichi hadi S, yaani mwendo wa polepole, ili jicho liweze kufuata. Taa ziwake kwa zamu, 1 hadi 8, pande zote kwa mpangilio uleule. Ile ya G ni ya ngao ya chuma. Kebo ya kawaida ya UTP haina ngao, kwa hiyo G isipowaka usikate kitu.

Macho yako yawe kwenye kipande kidogo. Taa ya 3 isipowaka, waya wa tatu umekatika au pini yake haikuuma. Mpangilio ukiwa 1-4-3-2, nyaya mbili zimebadilishana nafasi. Taa mbili zikizimika kwa pamoja huku kipande kikubwa kikiendelea kuhesabu, nyaya hizo zinagusana. Tikisa kebo taratibu karibu na kichwa wakati taa zinazunguka. Waya unaogusa na kuachia hujulikana hapo.

Na hapa ndipo testa hii inaporudisha pesa yako. Mtandao wa megabiti 100 unatumia nyaya 1, 2, 3 na 6 tu. Wa gigabiti, yaani megabiti 1000, unahitaji zote nane. Waya wa 4, 5, 7 au 8 ukikatika, kompyuta inaweza kushuka hadi 100, au ikawa inaunganika na kukatika, na mwenye nyumba akabaki akimlaumu mtoa huduma.

Lakini taa nane za kijani si ushahidi wa kebo nzuri, na udhaifu huu ni mkubwa. Testa inapima kama umeme umetoka pini moja ukafika pini ya namba ileile, basi. Mtu akipanga rangi kwa jozi zilivyo, chungwa, kijani, buluu, kahawia, na akafanya hivyo pande zote mbili, taa zitawaka kwa mpangilio safi kabisa. Kumbe pini 3 na 6, ambazo lazima ziwe jozi moja iliyosokotana, zimeangukia kwenye jozi mbili tofauti, na mawimbi ya jozi moja yanaingilia nyingine. Kipande kifupi kinaweza kufanya kazi. Kirefu kitapoteza data. Fuata mpangilio wa rangi wa T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usifumue msokoto zaidi ya milimita 13 kabla ya kubana kichwa.

Haitambui pia kebo ya alumini iliyopakwa shaba. Kwangua waya kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, ni alumini. Ina ukinzani mkubwa kuliko shaba na hukatika upesi ikikunjwa. Urefu nao haiupimi, wala haikuambii kebo imekatikia mita ya ngapi. Kwa hiyo baada ya taa, soma kasi ya kiungo kwenye mipangilio ya Ethernet ya Windows. Kama ruta na kadi zote ni za gigabiti na unaona 100/100, bana vichwa upya. Ikibaki hivyohivyo, jaribu kwa kebo fupi ya dukani. Ikisoma 1000/1000, badilisha ile kebo ndefu.

Kamwe usiichomeke kwenye kebo iliyounganishwa na swichi ya mtandao (kisanduku kinachogawa mtandao kwa kebo) au ruta. Iwapo swichi hiyo ni ya PoE, yaani inapeleka umeme kupitia kebo ya mtandao, na inalisha kamera, kuna karibu volti 48 humo na testa inaweza kuungua.

Umbile lake ni la bei yake. Betri ni ya volti 9, ile ya mstatili, na mara nyingi huuzwa peke yake. Ikichoka taa hufifia, na taa iliyofifia husomeka kama waya uliokatika. Zima swichi ya testa ukimaliza. Matoleo mengi yana pia tundu la simu. Plagi ya simu iingie humo tu, maana ukiisukuma kwenye tundu la RJ45 inaweza kupinda pini 1 na 8. Dukani, omba waipime na kebo fupi mpya mbele yako kabla hujalipa. Taa moja isipowaka, jaribu kebo nyingine: ikibaki ni taa ileile, mbovu ni testa. Chukua nyingine.