Pochi yangu ya ngozi na hawa wasafisha raba wa mjini

Nianze na haki yao kabla hasira hazijapanda. Raba wanasafisha jamani. Raba nyeupe za kijana wangu zilitoka pale zinang'aa mpaka soli, na vumbi la Buhongwa hapa Mwanza wote tunalijua. Nilishapanga kuwapa nyota tatu nikae kimya, ila sasa kuna hii habari ya pochi.

Pochi yenyewe ni ya ngozi, rangi ya ugoro, niliichambua mwenyewe kwenye mitumba ya soko la Mlango Mmoja asubuhi belo linafunguliwa, 45,000 baada ya kuvutana sana na yule kaka. Na siyo ile ngozi ya kubandika ambayo ukikaa nayo kidogo inaanza kubanduka magamba, hii ukiikunja inatoa vimistari vidogo vidogo halafu inarudi. Sasa sisi tunaokaa Kirumba huku karibu na ziwa, masika yakikolea kila kitu kabatini kinaota ukungu, mikanda, viatu, mpaka mabegi ya shule. Pochi nayo ikapata vidoa vyeupe kwa chini. Nikasema isiwe tabu, wale wa raba wameandika mlangoni kwao kwamba wanasafisha ngozi za aina zote, nikapeleka, 15,000 nikalipa yote mbele.

Wakanipigia, anti mzigo wako tayari. Nafika, binti wa mapokezi ananitolea kitu kwenye mfuko wa nailoni umezungushiwa selotepu (mifuko hiyo si ilipigwa marufuku toka 2019? haya). Naufungua, harufu ya kiwi inanipokea kwanza. Pochi imepakwa kiwi ya kahawia iliyoiva, huku imekolea huku imepauka, bitana ya ndani bado mbichi, na kwenye mshono umeganda unga wa sabuni. Mkanda pale unapoingia kwenye ringi umepasuka, umekakamaa kama dagaa waliosahaulika juani Igombe. Nimeshika kidogo tu, vidole vyote kahawia.

Nikamuuliza kwa upole kabisa, mdogo wangu, hii mmeisafishaje? "Tumeloweka anti, tukapiga brashi, tukaanika." Mkaanika wapi? "Juu ya bati."

Juu ya bati! Jua la saa saba la Mwanza!

Mimi nafundisha kemia, kwa hiyo hapa mnisamehe. Ngozi nyingi za pochi zinatengenezwa kiwandani kwa chumvi za kromiamu, zinabaki na asidi kidogo, pH, kile kipimo cha asidi ambacho 7 ndiyo katikati, inacheza kwenye 4 hivi, halafu zinatiwa mafuta ili nyuzi za ndani ziteleze. Sabuni ya unga iko kwenye 10 huko. Ukiloweka, mafuta yanaondoka na maji, ukianika kwenye joto nyuzi zinashikana, ndo hapo inakuwa ubao. Ukungu wa juu juu unaufuta nje ya nyumba kwa brashi laini kavu, unapitisha kitambaa chenye unyevu kidogo sana, unaiacha kivulini upepo upite. Kazi imeisha. Wao wakaiosha ka turubai la fuso halafu wakaifungia ikiwa mbichi kwenye nailoni, yaani ukungu niliopeleka utolewe wakautengenezea na nyumba.

Lakini hata hayo ningemeza. Kilichonitoa roho ni yule binti, simu mkononi, hanitazami, ananiambia "Sasa anti, si mtumba huu? Mzungu ameshautumia huko ukamchosha, ulitaka urudi mpya?" Na wenzake nyuma wanacheka. Naomba kuongea na bosi, bosi yuko Geita. Bosi gani kila nikienda yuko Geita! Nyota tatu zikawa moja palepale, na nikiandika hapa naona hata hiyo moja ni ya raba za mtoto, siyo yao.

Kuna mzee anashona viatu chini ya mwavuli kule Makoroboi, ndiye aliyenisaidia. Akaigeuza, akainusa, akasema "mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "hii wameiua ila haijafa yote." Akaifuta kiwi kwa kitambaa taratibu mpaka kitambaa kikawa hakishiki rangi tena, akapaka krimu ya ngozi kidogo kidogo kwa kidole, akakata kile kipande cha mkanda akashona upya, 8,000 na maneno mazuri juu. Akanikataza mafuta ya kula kabisa, yanaivisha rangi halafu yanachacha. Nijaze karatasi nyeupe ndani isikunjamane, siyo gazeti, wino unahamia kwenye bitana, na nikiihifadhi niiweke kwenye foronya ya mto ipumue. Rangi haijarudi sawa, ubavu mmoja umebaki na wingu, na nikivaa blauzi nyeupe bado naibebea upande wa pili kwa woga. Ila inakunjika tena.

Hela yangu wamegoma kurudisha. Bosi wa Geita alipopatikana kwenye simu akanipa ofa, pea moja ya raba nisafishiwe bure. Nilimkatia simu. Kisha nikampigia tena kuuliza ofa inaisha lini, maana kijana ameanza mpira na zile raba sasa hivi hazitazamiki. Raba nitapeleka. Pochi, mkanda, hata waleti, msiwape wale watu.