Hita ya feni ya wati 2000: plagi imeyeyukia ndani ya soketi

Hita hii msiinunue. Au inunueni, ila ekstensheni anayowapa muuzaji mmuachie palepale dukani.

Nashona nguo kwenye fremu ya kupanga Njombe: tofali za kuchoma, bati juu bila silingi bodi, mlango wa chuma. Kuanzia Juni, asubuhi vidole vinakufa ganzi hata kutunga uzi ni kazi. Hita nikauziwa pamoja na ekstensheni, "vinaendana." Haikufika mwezi, plagi ikayeyuka na kugandia kwenye soketi. Niliporudisha, yule kijana hakunyanyuka hata kwenye kiti. "Mama, hita haina shida, umeme wenu huko ndio mbovu." Akarudi kwenye simu yake. Pole hakusema.

Umeme haukuwa na kosa. Wati 2000 kwa volti 230 ni karibu ampea 9. Waya wa ile ekstensheni ni wa 0.75 (unene wa shaba ya ndani, kwa milimita za mraba), mwembamba mno kwa mzigo huo saa nzima, na ukiuacha umeviringishwa joto linakosa pa kutokea. Meno ya plagi nayo yalinasa kwenye sumaku: chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Yakicheza ndani ya soketi, yanagusana kidogo tu, na hapo panapogusana kidogo ndipo panapoungua. Wengi wanauliza mbona fyuzi haikukatika. Fyuzi ni ya ampea 13, mzigo ni 9, itakatikaje? Fyuzi haioni plagi inayoungua.

Fundi umeme amenivutia waya wa 2.5 mpaka soketi ya ukutani, akaweka plagi ya shaba tupu. Tangu hapo hita haijasumbua, kwa hiyo kusema ni mbovu nitakuwa naionea. Ila vumbi la vitambaa linaingia nyuma kwenye feni, ikiziba inajizima yenyewe na kutoa harufu ya kuungua. Kila Jumamosi naichomoa, naisubiri ipoe, naisugua kwa brashi kavu.

Lakini hata ikiwa nzima, kwenye fremu isiyo na silingi ni kupasha bati moto. Hewa ya moto inapanda, inatokea pale bati linapokutana na ukuta, miguu inabaki kwenye sakafu ya baridi. Uniti 2 kwa saa, saa nane uniti 16. Kwa shilingi 356 ninazokatwa kwa uniti, ni 5,600 na ushee kwa siku. Suruali ngapi za kukata urefu hizo? Na muuzaji anakuuliza tu una chumba cha ukubwa gani, juu kukoje haulizi!

Kilichonisaidia ni hiki. Nailoni nzito nimeitandaza chini ya kenchi na kuibana kwa vipande vya mbao. Chini ya mlango nimelaza mfuko mrefu kama nyoka, nimeushindilia vipande vya vitambaa. Miguuni pa cherehani nimepigilia jukwaa la mabanzi, juu yake kapeti kuukuu. Hilo peke yake limezidi nusu ya kazi. Kisha nimeweka hita ndogo ya mionzi, ya vijiti viwili vya wati 400, inayonipiga kwenye mapaja moja kwa moja. Asubuhi vyote viwili, saa nne nazima kimoja. Nguo na nailoni zikae mita moja mbali nayo, hasa poliesta. Jiko la mkaa msiingize kabisa kwenye fremu iliyozibwa hivi: ile hewa ya sumu haina harufu, mtu anasinzia tu na haamki.

Ile ya feni sasa naiwasha robo saa tu ninapofungua. Nyota mbili. Ya pili ni ya fundi umeme, dukani kwao hawana lao.

Mkienda kununua, bebeni sumaku, hata ile ya kuokotea pini. Igusisheni kwenye meno ya plagi kabla ya kutoa hela, muuzaji akinuna, anune.