AnkiDroid na Kiingereza cha kuongea: uzoefu wangu Lubumbashi

Ninafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa Lubumbashi, na mara nyingi nashuka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kama kilomita 90 hivi, kufuatilia malori. Pale mpakani Kiswahili kinakufikisha mbali. Madereva wa Tanzania tunaelewana nao, hata kama wanachekelea Kiswahili chetu cha huku, na Wazambia wengi tunamalizana kwa Kibemba. Shida ni simu inapolia kutoka ofisi ya Ndola, kule Zambia, au Johannesburg. Upande ule Kifaransa chako, hata kingekuwa kizuri namna gani, hakina kazi.

Kwanza nilijiandikisha kozi ya jioni katika kituo kimoja cha mjini, jina naliacha. Mwalimu alikuwa mtu mwema mwenye matamshi safi, ila msamiati tulipewa kwa mafungu: leo matunda yote, kesho kutwa vyombo vya jikoni, baadaye wanyama wa porini. Tulinakili orodha ndefu ubaoni, Kifaransa pembeni, basi. Niliweza kutaja kifaru na nyumbu kwa Kiingereza, lakini kumwomba mtu wa Ndola asubiri kidogo nitafute karatasi zake nilikuwa sijui. Halafu ada ilikuwa ya dola, na ililipwa kabla ya somo la kwanza! Paul Nation, mtaalamu wa New Zealand aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanavyojifunza msamiati, ameandika kwamba maneno mapya ya kundi moja yakifundishwa kwa mpigo huchanganyikana kichwani. Kushoto na kulia, Jumanne na Alhamisi: unakumbuka kwamba umejifunza, hukumbuki lipi ni lipi.

Kilichonifungua mdomo ni AnkiDroid, na ndiyo hasa ninayotaka kuisifu hapa. Ni programu ya kadi za kujifunzia, swali mbele na jibu nyuma, kwenye simu ya Android, ya bure, haina matangazo, na ukishaipakua haikuombi intaneti. Hilo la mwisho ni kubwa kwa mtu anayenunua mega kwa mahesabu. Ndani ya lori lililosimama kwenye foleni, au nyumbani umeme umekatika na simu bado ina chaji, inafanya kazi vilevile. Imetokana na Anki ya kompyuta, iliyoanzishwa na Damien Elmes mwaka 2006. Wenye iPhone wajue kwamba toleo lao rasmi linauzwa, na si bei ya soda.

Inafanyaje kazi? Unaona swali, unajibu kichwani au kwa sauti, unageuza kadi, kisha unabonyeza kitufe kimoja kati ya vinne kusema kama umesahau, umepata kwa shida, umepata vizuri au imekuwa rahisi. Kadi uliyoisahau inarudi baada ya dakika chache. Uliyoipata inarudi kesho, halafu baada ya siku kadhaa, halafu wiki, halafu miezi. Kwa hiyo muda wako wote unakwenda kwa yale yanayokuponyoka, na yale unayoyajua yanakaa pembeni yakingoja zamu.

Sasa, programu ni sufuria tupu. Utamu unategemea unachopika. Humo mtandaoni kuna mafungu ya kadi yaliyotengenezwa na watu wengine, maelfu kwa maelfu. Mimi siyapendekezi kwa anayetaka kuongea, maana mengi ni neno moja upande huu na tafsiri yake upande ule, kozi ya jioni imerudi kwa mlango wa nyuma. Nilichukua orodha ya maneno yanayosemwa sana kwa Kiingereza, iitwayo NGSL-Spoken, ya mtaalamu wa lugha Charles Browne na wenzake, inayopatikana bure. Ina maneno 721 tu, na watunzi wake wanaeleza kwamba yanafunika karibu asilimia 90 ya Kiingereza cha mazungumzo. Ukiisoma utaona aibu, karibu yote unayajua: get, take, put, back, still, just. Lakini kuyajua ukiyasoma na kuyatoa mdomoni mtu akikungoja kwenye simu ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kwa hiyo kadi zangu hazina neno pekee. Mbele naandika hali, kwa Kiswahili chetu: «Mteja anauliza lori liko wapi, na wewe hujui bado.» Nyuma: «Let me check and call you back.» Nyingine: «Anakulazimisha useme siku ya kufika.» Nyuma: «It depends on the queue at the border.» Kila sentensi nampelekea binamu yangu anayeishi Kitwe, Zambia, ananirudishia kwa sauti ya WhatsApp, naiweka ndani ya kadi. Nikigeuza namsikia yeye, na kelele za kuku wake nyuma. Naona hii ndiyo faida kuliko zote, kwa sababu wanaonipigia simu wanasema kama yeye, hawasemi kama watangazaji wa London.

Ubaya upo. Sura ya programu ni kavu, na mipangilio ni mingi mno kwa mgeni. Gusa machache tu. Inakuja ikiwa imepangwa kukupa kadi mpya 20 kwa siku. Punguza hadi tano au sita, la sivyo marudio yatajilundika, utaikimbia. Na msitegemee iwafundishe kuzungumza, haikatizi mtu katikati ya sentensi, haina hasira ya mteja. Kwa hilo unahitaji mtu. Mimi nina yaya mmoja wa ofisini (huku kwetu yaya ni mkubwa wako, kama kaka au dada) aliyesomea Zambia. Tukitoka kula bukari, yaani ugali, mchana tunaongea Kiingereza mpaka sahani ziondolewe, naye hana huruma. Nikikwama mahali, jioni naandika kadi ya pale pale nilipokwama.

Asiye na simu ya maana asikate tamaa. Mwandishi Sebastian Leitner alieneza njia hii miaka ya 1970 kwa kisanduku cha karatasi chenye vyumba: kadi uliyoijibu sawa inasogea chumba cha mbele, uliyoikosa inarudi cha kwanza, na vyumba vya mbele hufunguliwa mara chache. Daftari moja la soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, ukilikata vipande linatosha kuanzia.

Nikitoa alama, AnkiDroid naipa nne juu ya tano, na hiyo moja naikata kwa sababu ya mipangilio. Kozi ya jioni naipa mbili, moja ya matamshi ya mwalimu, nyingine ya wenzangu wa darasa ambao mpaka leo tunaandikiana. Kadi ninazoongeza siku hizi ni za tarakimu: namba za kontena, tarehe, tani, zilizosomwa haraka haraka na binamu kama wanavyozisoma wale wa Johannesburg. Nimemwambia asinionee huruma, na kweli hanionei.