Poka ya mezani: kuhamia dau kubwa au kulionja?

Chukua meza ya blaindi (madau ya lazima kabla ya karata, dogo na kubwa) za shilingi 1,000/2,000, ukiitamani ya 2,000/5,000. Kiingilio, yaani fedha unayokaa nayo mezani, cha blaindi kubwa 100 kinatoka 200,000 hadi 500,000.

Kuhama kabisa kunadai akiba ya viingilio 30 hivi, yaani milioni 15, mbali na ada ya shule na kodi. Faida yake ni utulivu: ukipoteza viingilio vitatu, hutetereki. Kuonja, yaani kujaribu meza hiyo kwa muda, kunataka milioni 1.5 tu, ikiisha, unarudi chini siku hiyohiyo. Hapo ndipo wengi wanapoteleza, maana wanakopa "kurudisha".

Kwa kupima uwezo, kuhama kunashinda. Mezani karata hugawiwa mara 25 hadi 30 tu kwa saa, kwa hiyo usiku mmoja wa ushindi haukwambii kitu. Kamisheni ya nyumba, yaani fungu ambalo kasino hukata kwenye fedha zinazoshindaniwa, ikiwa na kikomo, dau kubwa pia humegwa sehemu ndogo zaidi.

Anayeishi Tanga na kufuata kasino Dar, kilomita 350 hivi, aonje: nauli na malazi ni gharama pia, na meza laini, ya wachezaji dhaifu, haipatikani kila safari. Wa Bagamoyo mwenye akiba kamili, anayeweza kwenda kila wiki, ahame.