Bamba la jelatini na gliserini kwenye joto la Dar: uzoefu wangu

Bamba hili nalipatia nyota nne kati ya tano, na hiyo moja iliyopungua ni ya hali ya hewa kuliko bamba lenyewe. Ninalolipima hapa ni bamba la kuchapishia la kutengeneza nyumbani kwa jelatini ya unga na gliserini, ukubwa wa sentimita 20 kwa 25, likitumika katika chumba kisicho na kiyoyozi Dar es Salaam. Linatoa chapa za nakala moja moja: unasambaza rangi juu ya bamba, unapanga majani au stensili (umbo lililokatwa), unalaza karatasi, unasugua kwa kiganja, unabandua. Huhitaji mashine ya kukandamiza wala kisu cha kuchonga.

Mapishi utakayoyakuta kwingi ni ya maji matupu: vijiko viwili vikubwa vya jelatini kwa kila kikombe cha maji. Kwa mtu wa Lushoto au Njombe, kwenye baridi, yanafaa, na chapa zake ni safi sana, kila mshipa wa jani unaonekana. Pwani ni hasara. Jelatini ya maji huanza kulegea joto linapovuka nyuzi 30, na chumba cha Dar mwezi Februari kinafika huko kabla ya adhuhuri. Itakubidi uitunze kwenye friji, na umeme ukikatika mchana umebaki na uji. Hata friji ikiwa nzima, baada ya siku chache jelatini inaota ukungu. Gliserini inaondoa karibu matatizo yote hayo, kwa sababu inashika maji yasikauke na vijidudu haviwezi kuota humo kirahisi. Mchanganyiko wenyewe ni wa zamani: hektografi, zana ya kurudufu maandishi tangu karne ya 19, ilitumia bamba la jelatini na gliserini.

Vipimo vya trei ya sentimita 20 kwa 25 ni gliserini mililita 360, maji mililita 360 na jelatini gramu 85, ambayo ni kama vijiko vikubwa 12 vya usawa. Unapata unene wa sentimita moja na nusu hivi. Msimu wa joto naongeza jelatini hadi gramu 100; bamba linakuwa gumu kidogo na linapoteza ulaini fulani, lakini halitetemeki chini ya rola.

Jelatini ipo kwenye maduka ya vifaa vya keki. Chukua isiyo na ladha wala sukari, maana zile pakiti za jeli ya rangi za watoto zinatoa bamba linalonata na kuita sisimizi. Kama unajali asili yake, soma pakiti: kuna ya ng'ombe na ya nguruwe, na ya ng'ombe yenye alama ya halali inapatikana. Gliserini nunua duka la dawa, ila angalia chupa vizuri, kwa kuwa nyingi za kupaka ngozi zimechanganywa na maji ya waridi. Hizo zinaharibu uwiano wote. Unga wa agari, unaotokana na mwani, haufai kuwa mbadala. Unaganda vizuri lakini hauna mnyumbuko, ukibandua karatasi mara chache unapasuka.

Kupika kuna kanuni moja kubwa: usichemshe. Jelatini iliyochemka inapoteza nguvu ya kuganda. Mimina jelatini ndani ya gliserini kwanza, ukoroge hadi isiwe na madonge. Ikiingia kwenye gliserini haivimbi papo hapo, ndiyo maana madonge hayatokei kirahisi kama kwenye maji. Ongeza maji baridi, acha dakika 15 ivimbe, kisha weka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto na ukoroge taratibu hadi mchanganyiko uwe angavu. Usipige kama mayai, maana kila kiputo unachokiingiza kitakuwa doa jeupe kwenye chapa. Pitisha kwenye chujio la chai, mimina kwenye trei, halafu vuta ukanda wa gazeti juu ya uso wake toka upande mmoja hadi mwingine. Viputo vinafuata karatasi. Rudia kwa ukanda mpya hadi uso uwe safi. Meza lazima iwe sawa kabisa, la sivyo utapata bamba lenye upande mnene na upande mwembamba, na rola itakuwa inaruka. Programu ya kupima usawa kwenye simu inatosha. Acha ligande usiku kucha. Pitisha kisu pembeni, lipindulie juu ya kioo au pleksi (plastiki ngumu angavu). Upande uliokuwa chini ya trei ndio laini zaidi, tumia huo.

Sasa tufike kwenye kinachowakatisha watu tamaa. Lawama hupewa bamba, wakati mkosaji karibu siku zote ni rangi. Rangi ya akriliki ya kawaida kwenye joto la nyuzi 32 na feni ikizunguka inakauka kabla hujamaliza kupanga majani. Zima feni, au igeuzie ukutani. Fanya kazi asubuhi. Kwa kila kijiko kidogo cha rangi tia matone mawili au matatu ya gliserini ileile, inachelewesha kukauka. Ukizidisha, chapa itabaki inanata kwa siku kadhaa na karatasi zilizopangwa pamoja zitagandana. Wino wa maji wa kuchapishia unakupa muda mrefu zaidi, ila haufai ukitaka kuweka tabaka juu ya tabaka, kwa kuwa mwingi wake unayeyuka tena ukilowa. Kwa tabaka nyingi akriliki haina mpinzani.

Kiasi cha rangi nacho watu wanazidisha. Bamba la ukubwa huu linahitaji nusu kijiko cha chai, basi. Tandaza kwa rola ya mpira mpaka usikie sauti nyembamba ya kunata. Ukisikia mchakacho mzito wa rangi inayoteleza, imezidi, na kingo za stensili zitavuja. Chapa yenye madoadoa kama chumvi na pilipili inamaanisha rangi imekwisha kukauka au karatasi haikusuguliwa vya kutosha. Kama rangi inajikusanya matone matone juu ya bamba jipya, uso una unyevu au mafuta. Gliserini huvuta maji hewani, kwa hiyo wakati wa masika bamba linatoa jasho. Lifute kwa kitambaa kikavu kabla ya kila kazi.

Majani ndiyo raha yake. Weka upande wa mishipa ukiangalia chini, kwenye rangi. Chapa ya kwanza, majani yakiwa bado mahali pake, inakupa vivuli vyeupe. Kisha yatoe na ulaze karatasi ya pili: hapo ndipo mishipa inaonekana yote, na mimi naipenda hii kuliko ya kwanza. Jani la mhogo linatoka vizuri mno, na mwarobaini pia. Jani la mpapai lina umbo zuri, lakini likaushe kwanza kwa kulibana ndani ya kitabu kizito, kwa sababu utomvu wake una papaini, kimeng'enya kinachovunja jelatini, na unaweza kuacha vishimo. Mikono iliyotoka kumenya papai bichi au nanasi ioshwe kwanza. Majani magumu yenye vijiti yanakata bamba. Ponda kijiti kwa chupa kabla ya kulitumia.

Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 inafaa kwa mazoezi. Kwa kazi ya kutunza, tafuta gramu 120 hadi 160 isiyo na mng'ao. Karatasi ya kaki pia inapokea rangi nyeupe vizuri sana. Usiguse kabisa karatasi ya picha inayong'aa ya printa ya wino. Inashika bamba na kuling'oa vipande. Kitambaa cha amerikani kilichofuliwa kuondoa wanga kinachapika bila shida, ila sugua kwa nguvu zaidi.

Kuhamisha picha kunafanya kazi, kwa masharti. Picha iwe ya gazeti la kurasa zenye mng'ao au ya printa ya leza, yenye weusi na weupe unaotofautiana sana. Tandaza akriliki nyeusi nyembamba mno, laza picha haraka, sugua kwa sekunde chache, bandua. Sehemu nyeupe za karatasi zinanyonya rangi, sehemu zenye wino zinaiacha kwenye bamba. Iache ikauke kabisa, kisha tandaza juu yake rangi nyepesi, nyeupe au ya manjano, laza karatasi safi, weka kitabu juu kwa dakika 10 na ubandue polepole. Picha ya printa ya wino haifanyi hivi, wino wake unalowana na kuchafua kila kitu.

Nikilinganisha na mabamba ya dukani ya sintetiki, ambayo hayana jelatini ndani yake, hayo ya dukani yanastahimili joto letu vizuri zaidi, hayatoi jasho na yanakaa kabatini miaka. Anayefundisha darasa la watoto anunue hayo, hasa kama anaweza kumwagiza mtu anayesafiri. La nyumbani linashinda kwa bei, na kwa ukubwa, maana unachagua trei unayoitaka, na kwa maoni yangu linanasa vitu vyembamba kama unyoya au uzi kuliko lile la dukani.

Kulisafisha, tumia kitambaa chenye maji kidogo, au mafuta ya watoto kwa rangi iliyokwisha kukauka, kisha futa mafuta yote. Usilichovye kwenye maji, litavimba. Lihifadhi bapa kati ya karatasi mbili laini za plastiki, siyo ile ya viputo inayoacha alama za duara, na usiliache juani wala ndani ya gari. Likichanika au kuchoka, likate vipande, liyeyushe juu ya maji ya moto, chuja mabaki ya rangi na ulimimine upya. Likishayeyushwa mara kadhaa linakuwa gumu kwa sababu maji yamepungua: ongeza kijiko kimoja kikubwa cha maji kwa kila mara, usizidishe.